Kasi ya orjson inatoka wapi: uchambuzi wa moduli ya Rust inayoandika JSON ya Python

Moduli ya `orjson` ilitoka mwaka 2018. Imeandikwa kwa Rust, lugha inayokompailiwa kuwa msimbo wa mashine, inaitwa kutoka Python, na ina kazi mbili tu. `dumps` inapokea objekti za Python na kutoa baiti za JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, na `loads` inafanya kinyume chake. Haina `dump` wala `load` za kuandika au kusoma faili moja kwa moja, na haifanyi kazi kwenye PyPy, utekelezaji mwingine wa Python. Kwa wigo huo mdogo imeacha mbali sana `json` inayokuja na Python, na wengi wanaoitumia huhitimisha kwamba siri ni Rust.

Hitimisho hilo ndilo linalowaponza wanaotaka kutengeneza moduli yao wenyewe. Wanaandika Rust safi, wanakompaili, wanapima, na kukuta moduli yao inakwenda sawa na `json` ya kawaida au nyuma yake. Tutaifuata `dumps` ya orjson hatua kwa hatua ili kuona kwa nini. Kwa kifupi, muda mwingi unapotea mpakani, pale data inapotolewa upande wa Python na kunakiliwa upande wa Rust, na orjson iko mbele kwa sababu inanakili kidogo mno.

Mshindani unayempima

`json` ya Python si Python tupu. Ndani yake kuna `_json`, iliyoandikwa kwa C, na ndiyo inayofanya kazi unapoita `json.dumps(x)` bila mapambo. Lakini kuna milango miwili inayokutoa kwenye C bila taarifa. Wa kwanza ni `indent`, chaguo la kupanga matokeo kwa mistari na nafasi: katika Python 3.12, ukiiweka, kazi yote inarudi kwenye msimbo wa Python. Wa pili ni `json.dump(x, f)`, ambayo huandika vipande vidogo vidogo kwa njia ya Python hata bila `indent`. Huduma inayolalamikiwa kuwa nzito mara nyingine huponywa kwa mstari mmoja, `f.write(json.dumps(x))`, kwa gharama ya kushika maandishi yote kwenye kumbukumbu kwa pamoja. Jaribu hilo kabla hujasakinisha Rust.

Njia ya kwanza inayokuja akilini

Karibu kila mtu huanza hivi: `pip install maturin` (chombo cha kujenga moduli za Python kwa Rust), kisha `maturin new --bindings pyo3 rekodi` (PyO3 ni maktaba inayounganisha Rust na Python), kisha `serde_json`, maktaba ya JSON ya Rust, inaongezwa kwenye `Cargo.toml`. Fankisheni inapokea objekti ya Python, inaigeuza kuwa `serde_json::Value`, inaita `to_string`, na kurudisha `String`. Mistari thelathini hivi, na inafanya kazi.

Hesabu nakala zake. Kila ufunguo na kila thamani ya maandishi inaombewa kumbukumbu mpya upande wa Rust na kunakiliwa humo. Mti mzima wa `Value` ukishajengwa, unapitiwa tena ili kuandikwa kwenye `String`. Halafu PyO3 inaichukua `String` hiyo na kuinakili kuwa `str` ya Python. Data ileile imenakiliwa mara tatu. Kwa orodha ya rekodi 10,000 zenye funguo 8 kila moja, hiyo ni maombi 80,000 ya kumbukumbu kwa funguo peke yake, ingawa funguo ni zilezile nane.

Ubaya mwingine ni wa usahihi, na huo unauma zaidi kwa sababu hauonekani kwenye vipimo vya kasi. `serde_json` kwa kawaida huhifadhi funguo kwenye `BTreeMap`, kwa hiyo dikshonari iliyoingia na mpangilio wake inatoka imepangwa kialfabeti. Dawa ni kuwasha kipengele cha `preserve_order`. Pia mtu anayetambua aina kwa kujaribu `extract::<i64>()` kabla ya `extract::<bool>()` atakuta `True` imeandikwa `1`, kwa kuwa katika Python `bool` ni mtoto wa `int`. Akitanguliza `f64`, namba 5 inatoka `5.0`. Na kila jaribio lililoshindwa linabeba gharama ya kuandaa kosa ambalo hakuna atakayelisoma.

Tena, `maturin develop` peke yake hukompaili toleo la kutafutia makosa, lisiloboreshwa. Vipimo vyote vifanywe baada ya `maturin develop --release`. Moduli nyingi "zilizoshindwa" hazikuwahi kupimwa zikiwa zimeboreshwa.

Jinsi orjson inavyotambua aina

orjson haitumii PyO3 ya kawaida. Inatumia `pyo3-ffi`, yaani fankisheni za C za CPython (Python ya kawaida) zikiwa tupu, bila kinga ya Rust juu yake. Kutambua aina ni kulinganisha pointa mbili, yaani anwani za kumbukumbu:

```rust
let aina = ffi::Py_TYPE(kitu);
if aina == &raw mut ffi::PyUnicode_Type {
    andika_str(kitu, bafa)
} else if aina == &raw mut ffi::PyLong_Type {
    andika_int(kitu, bafa)
} else if aina == &raw mut ffi::PyBool_Type {
    andika_bool(kitu, bafa)
} // na kuendelea
```

Kwa kuwa ulinganisho ni wa aina yenyewe hasa, tatizo la `bool` na `int` halitokei. `str` inatangulia kwa kuwa ndiyo inayojaa kwenye data halisi. Aina zilizorithi kutoka `str`, `int`, `dict` na `list` zinashughulikiwa mwishoni, kwenye njia ya polepole. `tuple` iliyorithiwa inakataliwa kwa makusudi, ili `namedtuple` isigeuke orodha kimyakimya kama inavyofanyika kwenye `json`.

Maandishi ndipo kazi ilipo

Tangu Python 3.3, `str` huhifadhiwa kwa upana unaolingana na herufi yake pana kuliko zote: baiti 1, 2 au 4 kwa kila herufi. Stringi yenye ASCII tupu (herufi za msingi a–z, tarakimu na alama za kawaida) ina upendeleo wa pekee. Baiti zake kwenye kumbukumbu tayari ni UTF-8 halali, usimbaji ambao JSON huandikwa nao, kwa hiyo moduli inaweza kusoma kutoka humohumo ndani ya objekti, bila kunakili na bila kuuliza. orjson inaangalia alama kwenye kichwa cha objekti, na ikiona ni ASCII inachukua pointa na urefu, basi.

Isipokuwa ASCII, inaitwa `PyUnicode_AsUTF8AndSize`. Hii hutengeneza nakala ya UTF-8 na kuiambatanisha na objekti ileile mpaka objekti ife. Mara ya pili ni bure, lakini kumbukumbu imeshaongezeka.

Kwa data ya Kiswahili jambo hili lina uzito, na ni vyema lijulikane. Maandishi yetu karibu yote ni ASCII, kwa hiyo yanapita njia ya haraka. Kinachoyatoa humo ni ritifaa. Simu nyingi huandika ng'ombe kwa alama iliyopinda, U+2019, badala ya ile iliyonyooka. Kwenye Python 3.12 ya biti 64, neno hilo lenye alama iliyonyooka linachukua baiti 48. Likiwa na alama iliyopinda linachukua 72, kwa kuwa herufi zote saba sasa zina baiti 2 kila moja na kichwa cha objekti kimekuwa kirefu zaidi. Nakala ya UTF-8 ikishaambatanishwa, linafika 82. Emoji moja ndani ya ujumbe mrefu huupeleka wote kwenye baiti 4 kwa herufi. Unapopima moduli, basi, tumia ujumbe ulioandikwa na watu. Ukipima kwa `"a" * 1000` utakuwa umepima njia ya haraka peke yake.

Baada ya kupata baiti kuna kutafuta herufi zinazohitaji kukingwa: alama ya nukuu, mkwaju wa nyuma, na zote zilizo chini ya 0x20. Herufi moja mbaya inaweza kuwa baiti 6 (`\u001f`). Badala ya kuuliza nafasi kwa kila baiti, tenga mara moja nafasi ya hali mbaya kuliko zote, yaani urefu mara 6 pamoja na nukuu mbili, kisha andika bila kuuliza tena. Prosesa za x86-64 zote zina SSE2, inayokagua baiti 16 kwa mpigo, na stringi nyingi hazina hata herufi moja ya kukinga, hivyo kazi inabaki kuwa kunakili vipande vya 16.

`str` yenye nusu-jozi za UTF-16 (misimbo ambayo peke yake si herufi kamili), kwa mfano jina la faili lililosomwa na `os.fsdecode` kutoka diski yenye usimbaji wa zamani, haina UTF-8 halali. orjson huikataa kwa `JSONEncodeError`, na inafanya vyema. Kuisafisha: `s.encode("utf-8", "surrogateescape").decode("utf-8", "replace")`.

Bafa ambayo ndiyo jibu lenyewe

`orjson.dumps` inarudisha `bytes`, si `str`. Wengi huliona hilo kama usumbufu, na kweli `orjson.dumps(x) + "\n"` inaleta `TypeError` (tumia `OPT_APPEND_NEWLINE`). Lakini bila uamuzi huu nusu ya faida ingepotea. Kutengeneza `str` kunalazimu kupitia maandishi yote kutafuta herufi pana kuliko zote, kisha kunakili. Halafu seva ya wavuti ingeigeuza tena kuwa baiti ili kuituma.

Kwa `bytes` inawezekana kuandika moja kwa moja ndani ya objekti itakayorudishwa, nayo ndiyo inakuwa bafa, yaani nafasi ya kuandikia. Unaita `PyBytes_FromStringAndSize` ukiipa pointa tupu na ukubwa wa kuanzia, orjson ikianza na baiti 1024, na unapata objekti ambayo ndani yake hamna kitu bado. Unaandika humo. Nafasi ikiisha unaiongeza maradufu kwa `_PyBytes_Resize`, na mwishoni unaipunguza ifike urefu halisi. Nakala ya mwisho haipo kabisa.

Angalia jambo moja: `_PyBytes_Resize` ikikosa kumbukumbu, inaifuta objekti ya zamani na kuweka pointa yako kuwa tupu. Msimbo wa Rust uliohifadhi pointa ya zamani kwenye kigeu kingine utaandika kwenye kumbukumbu isiyo yake. Baada ya kila upanuzi, hesabu upya pointa ya kuandikia. Baiti ya mwisho nayo, ile ya sifuri inayofunga objekti, lazima iwepo kabla ya kurudisha.

Namba zinapita haraka. Namba nzima huandikwa kwa majedwali ya tarakimu mbilimbili, na desimali kwa algoriti inayotoa uwakilishi mfupi unaosomeka tena bila kupotea. Kikomo ni biti 64: zaidi ya 18446744073709551615 ni kosa. Kama msomaji wako ni JavaScript, `OPT_STRICT_INTEGER` inakataa zinazovuka biti 53. `nan` na `inf` zinaandikwa `null`.

Tarehe zinasomwa moja kwa moja kutoka muundo wa C wa `datetime`, mwaka, mwezi, siku. Ukanda wa saa ni suala jingine, kwa sababu kupata tofauti yake kunahitaji kuita `utcoffset` ya Python, na huko ni kuvuka mpaka kwa kila tarehe. `datetime` yenye `ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")` inatoka na `+03:00`. Isiyo na ukanda inatoka bila chochote, na msomaji wa upande wa pili atakisia. Seva ikiwa kwenye UTC, atakosea kwa saa tatu.

Mahali panapoangusha mchakato

Kwa aina zisizojulikana, kama `Decimal`, orjson huita fankisheni ya `default` uliyoipa. Kosa la kawaida kwa mtumiaji ni hili:

```python
def default(kitu):
    if isinstance(kitu, Decimal):
        return str(kitu)
```

Fankisheni isiyorudisha kitu hurudisha `None`, kwa hiyo kila aina nyingine isiyojulikana inaandikwa `null`, bila kosa, na data imepotea. Mstari wa mwisho lazima uwe `raise TypeError`.

Kwa mtengenezaji, hatari ni kubwa zaidi. Njia ya haraka ya kupitia dikshonari ni `PyDict_Next`, inayotoa pointa za kuazima, yaani haiongezi hesabu ya marejeo (idadi ya wanaoishika objekti; ikifika sifuri, objekti inafutwa). Ni salama ilimradi hakuna msimbo wa Python unaokimbia katikati. `default` ni msimbo wa Python. Inaweza kufuta ufunguo kwenye dikshonari ileile unayoipitia, thamani ikafa, na pointa yako ikabaki inaelekeza hewani. Kabla ya kuita `default`, ongeza hesabu ya marejeo ya thamani hiyo kwa `Py_INCREF` na uirudishe baadaye. Ukirudi, hakikisha ukubwa wa dikshonari haujabadilika. Kwa orodha, soma urefu upya kila mzunguko. Kikompaila cha Rust hakitakuonya hapa, kwa kuwa ndani ya `unsafe`, sehemu ambayo Rust haikagui usalama wa pointa, ahadi ni yako.

Makosa ya hesabu ya marejeo yana hila moja mpya. Tangu Python 3.12, `None`, `True`, `False` na namba nzima ndogo hazifi kamwe, hesabu yake haibadiliki. Moduli inayoachia `None` mara moja zaidi ya inavyostahili itaonekana nzima kwenye 3.12 na kuangusha mchakato kwenye 3.11. Kama unaunga mkono matoleo yote mawili, pima yote mawili. Uvujaji unaoneshwa vizuri na Python iliyokompailiwa kwa ajili ya kutafuta makosa, kwa kulinganisha `sys.gettotalrefcount()` kabla na baada ya kuita moduli mara nyingi.

Kujirudia ndani ya Rust hakulindwi na kikomo cha Python. Orodha inayojibeba yenyewe itamaliza staki (kumbukumbu ya miito ya fankisheni) na mchakato utauawa bila ujumbe wa maana. `json` hulinda hili kwa kuweka kumbukumbu ya kila chombo inachokipitia. orjson inahesabu kina tu, hesabu inayotosha kwenye baiti moja, na kikipita kiwango inaleta kosa. Hiyo ni nafuu zaidi. Upande wa `loads` kikomo ni ngazi 1024.

Kuhusu paniki, yaani kosa la Rust linalokatiza kazi ghafla: PyO3 huigeuza kuwa `PanicException`, ambayo inarithi `BaseException`, hivyo `except Exception` haiikamati. orjson imeweka `panic = "abort"`, na paniki yoyote inaua mchakato papo hapo. Kwa moduli changa iliyoandikwa kwa PyO3 tunashauri uache paniki ipande kama kawaida mpaka msimbo umeshajaribiwa kwa data chafu ya kutosha. Nyongeza nyingine zote kwenye `[profile.release]`, yaani `opt-level = 3`, `lto = "thin"` na `codegen-units = 1`, ziwashe tangu mwanzo.

Kufuli la Python

`dumps` inashika GIL, kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haiwezi kuiachia, kwa sababu kila hatua inasoma objekti za Python. Hati ya megabaiti 50 itasimamisha nyuzi zote na mzunguko wote wa asyncio (mfumo wa Python wa kupokezana kazi ndani ya uzi mmoja), hata kama iko Rust. Dawa iko kwenye umbo la data: andika rekodi moja kwa kila mstari na utume kwa vipande. Kama sehemu ya jibu tayari ni JSON, mfano safu ya `jsonb` iliyosomwa kutoka PostgreSQL kama maandishi, ifunge kwa `orjson.Fragment` na itapachikwa ilivyo. Haikaguliwi, kwa hiyo usiipe maandishi ya mtumiaji.

Kwenye Python isiyo na GIL, moduli isiyojitangaza kuwa salama husababisha GIL kuwashwa tena inapoingizwa. Katika PyO3 ya kabla ya toleo 0.28, tangazo hilo ni `#[pymodule(gil_used = false)]`. Usiiandike kabla ya kukagua kila akiba ya pamoja. `loads` ya orjson, kwa mfano, hutunza funguo zisizozidi baiti 64, hadi 2048, kwa maisha yote ya mchakato, ili rekodi elfu zenye funguo zilezile zitumie `str` moja. Akiba ya namna hiyo bila kufuli lake ni mashindano ya nyuzi.

Kusambaza, na kuhama

Kusoma vichwa vya objekti kuna bei. Toleo la `abi3`, linalokompailiwa mara moja na kufanya kazi kwenye matoleo mengi ya Python, haliruhusu kugusa sehemu hizo. orjson inatoa kifurushi kwa kila toleo la Python na kila mfumo, na Python mpya ikitoka lazima isubiriwe. Moduli ya ndani ya timu ndogo ina haki ya kuchagua kinyume: `abi3-py310` inaruhusu `PyUnicode_AsUTF8AndSize`, na inapoteza njia ya ASCII isiyouliza pamoja na kusoma tarehe moja kwa moja kutoka muundo wa C. Kifurushi kisipopatikana, `pip` itajaribu kukompaili na kudai Rust kwenye seva. `pip install --only-binary=:all: orjson` inafanya kosa hilo lionekane mapema na waziwazi.

Anayehama kutoka `json` kwenda orjson akague mambo haya kwenye msimbo wake. Nafasi baada ya koma na nukta mbili zinatoweka. Herufi zisizo ASCII zinaandikwa kama UTF-8 badala ya `\u`. Funguo za namba zinakataliwa bila `OPT_NON_STR_KEYS`. Desimali kubwa zinaweza kuandikwa `1e16` badala ya `1e+16`. Zote ni JSON halali, lakini mfumo unaotia saini ujumbe kwa HMAC (saini inayohesabiwa kutoka baiti za ujumbe na ufunguo wa siri) na kuukagua kwa kuuandika upya utakataa kila ombi kuanzia siku ya kwanza. Huko saini ikaguliwe juu ya baiti zilizopokelewa, kabla hazijasomwa.